Maswali ya Wasomaji: Tenga la Nyanya, Lori Tupu na Kahawa ya Mbinga

Barua za mwezi huu zinatoka pande tofauti za nchi, lakini karibu zote zinauliza namna ya kusafirisha mzigo bila kuharibu mali, bila kuchoma dizeli ya bure na bila kuvunja migongo ya watu. Tumechagua tano.

Nyanya zinafika Dar zimekuwa uji

*Sisi ni kikundi cha wakulima wa nyanya Ilula, Iringa. Tunapeleka Dar kwa matenga ya mbao, na kila safari dalali anatukata hela akidai za chini zimepondeka. Tumeshauriwa kuhamia kreti za plastiki, lakini bei inatutisha, na plastiki si tunaambiwa ndiyo adui wa mazingira? Tufanyeje?*

Kwa hilo dalali wenu hadanganyi. Tenga lililojazwa mpaka likafanya kichwa, kisha likabebeshwa mengine juu yake, uzito wote unashuka kwenye nyanya za chini, maana mbao zinapinda na kifuniko ni majani na kamba. Kreti nzuri ya plastiki inafanya kinyume: uzito unapita kwenye kuta zake, nyanya hazibebi kitu. Hapo ndipo ilipo faida yenyewe. Ulaini wa plastiki ni nyongeza tu.

Kuhusu mazingira, msiichanganye kreti na mfuko wa rambo. Kreti inarudi shambani mara nyingi kwa miaka, na ikivunjika inauzwa kwa wanaosaga plastiki. Hasara kubwa ya mazingira katika biashara yenu ni nyanya inayomwagwa jalalani sokoni. Hiyo imeshakula maji, mbolea, dawa na dizeli ya zaidi ya kilomita 400, halafu haikulisha mtu.

Chagueni kreti yenye kitako cha sentimita 60 kwa 40 na kimo cha sentimita 25 hadi 30, yenye matundu ubavuni na chini. Inachukua kilo 20 hadi 25. Jazeni mpaka vidole viwili chini ya ukingo, mkome hapo. Kikundi kinachohamia plastiki huku kimebeba tabia ya lumbesa, yaani kujaza kupita ukingo, hupata hasara kuliko mwanzo, kwa sababu kreti ya juu inakalia nyanya badala ya kukalia ukingo. Nunueni aina moja. Kreti za viwanda tofauti hazishikani, na safu ikianza kuteleza kwenye kona za Kitonga hakuna kamba itakayoizuia.

Nyanya ya kusafiri inachumwa ikiwa imeanza tu kugeuka rangi kitakoni, asubuhi umande ukishakauka. Ng'oeni kikonyo, maana ndicho msumari unaotoboa jirani yake. Msizimwage kreti kwa ndoo kutoka juu. Nyanya iliyoanguka sentimita 30 inaweza kuonekana nzima kabisa nje. Ikateni baada ya siku mbili muone: ule ute unaozunguka mbegu umebadilika rangi na kuwa kama nyuzi. Mnunuzi hataiona sokoni, ataiona jikoni, na wiki ijayo atanunua kwa mwingine.

Zikishachumwa ziwekwe kivulini mpaka jioni, lori liondoke jua likizama ili bonde la Ruaha na mbuga ya Mikumi mvipite usiku. Turubai lisilale juu ya kreti. Likazeni juu ya bomba au mbao zilizopinda ili hewa ipite kati yake na mzigo, na acheni upenyo wa kiganja kati ya safu na safu. Msichanganye na ndizi zinazoiva. Gesi zinayotoa itaivisha nyanya zenu njiani.

Sasa bei. Kikwazo kikubwa mara nyingi si kununua kreti, ni kuzirudisha. Chukueni zile ambazo ukiigeuza moja nyuma mbele inaingia ndani ya nyenzake. Zikiwa tupu zinakula nafasi ndogo sana kwenye lori. Pigeni chapa ya moto ya kikundi na namba. Mnunuzi aweke amana inayolingana na bei ya kreti mpya, si nusu yake, kwa sababu amana ikiwa ndogo kreti yenu itaishia kuwa kiti cha mama lishe. Anayetunza daftari awe mmoja: namba zilizotoka, zilizorudi, nani anadaiwa.

Msianze na kreti 500. Anzeni na 40 na mnunuzi mmoja anayekubali kununua kwa kilo, kwa mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo. Sokoni bei imezoea tenga, na mkiuza kreti "kama nusu tenga" kwa kukadiria, mtapunjwa.

Kreti zinazorudi zioshwe kabla ya kujazwa tena. Kwanza maji na sabuni mpaka udongo utoke, ndipo ifuate dawa: kwenye ndoo ya lita 20 tieni mililita 115 za klorini ya dukani ya asilimia 3.5, mloweke dakika chache, mkaushe juani. Mkiruka sabuni, uchafu unaimaliza klorini na kuoza kwa safari iliyopita kunahamia kwenye mzigo mpya.

Fuso linarudi tupu

*Nina lori la tani 10, napeleka bidhaa za dukani Mbeya kutoka Dar. Kurudi napata mzigo mara chache. Mteja wangu mkubwa ameanza kutaka "taarifa ya hewa ukaa". Hesabu hiyo inafanywaje, na nitapunguzaje bila kununua gari jipya?*

Hesabu yenyewe ni rahisi kuliko jina lake. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.68 za kaboni dioksidi, ndiyo hiyo hewa ukaa. Kwa hiyo anza na risiti za mafuta, usianze na makadirio ya dereva.

Tuseme safari ni kilomita 830. Umechoma lita 280 kwenda na tani 10, na lita 200 kurudi tupu: jumla 480. Umebeba tani 10 kwa kilomita 830, yaani tani-kilomita 8,300. Gawanya, unapata mililita 58 kwa kila tani-kilomita. Sasa rudi na tani 6. Mafuta yanapanda labda mpaka lita 520, lakini kazi iliyofanyika imekuwa tani-kilomita 13,280. Ukigawanya unapata mililita 39. Umepunguza theluthi nzima bila kugusa injini. Hakuna dawa ya kumimina kwenye tangi itakayokupa hiyo, hata muuzaji aape vipi.

Kwa hiyo nguvu zako ziende kwenye mzigo wa kurudi: mchele, maharage, viazi, parachichi. Mpigie dalali wa Mbeya siku unayopakia Dar, si siku unayoshusha. Na kama ulipeleka dawa za mimea au mbolea, osha na kausha bodi kabla ya kupakia chakula.

Mengine kwa haraka. Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi, kwa geji. Kulipiga tairi kwa spana kunakuambia kama limeisha kabisa, hakukuambii kama limepungua robo. Usisahau tairi la ndani kwenye yale ya nyuma yaliyopangwa mawili mawili: likiwa na upepo mdogo, mwenzake anabeba mzigo wa wawili na yote mawili yanakwisha. Mwendo wa 95 badala ya 80 unaongeza ukinzani wa upepo kwa takriban asilimia 40. Injini inayonguruma imesimama inakula lita 2 hadi 3 kwa saa, na foleni ya mizani unaijua.

Kuna tabia moja ya madereva inayofaa kukemewa: kutoa gia kwenye mteremko ili "kuokoa mafuta". Kwenye injini za kisasa za dizeli, ukiwa ndani ya gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, pampu hainyunyizi kitu. Ukitoa gia, injini inaanza kunywa tena ili isizime, na breki zako zinabaki peke yake. Hasara mara mbili, na ya pili inaua. Ukimpa dereva bonasi ya lita zilizobaki bila kumweleza hili, unamlipa afanye hivyo.

Wala usifidie kwa kuzidisha uzito. Uharibifu wa barabara unapanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ukizidisha asilimia 20, unaiumiza lami mara mbili hivi. Chini ya sheria ya Afrika Mashariki ekseli moja yenye matairi manne mwisho wake ni tani 10. Unaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla ukapigwa faini kwa ekseli moja, kwa kuwa tu mizigo mizito ilirundikwa nyuma.

Na mteja akiuliza habari za dereva, ana haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 12 kwa siku ndiyo mwisho, ziada ikiwemo, na saa 12 mfululizo za kupumzika. Ratiba ya "lala Mbeya, amka Dar" haiingii humo.

Wapagazi na lumbesa

*Nina ghala la viazi Njombe. Nimepunguza magunia kutoka lumbesa hadi kilo 50, lakini wapagazi wamegoma. Sikutegemea.*

Ungetegemea, kaka. Bila shaka unawalipa kwa gunia. Kama umekata malipo nusu kwa kuwa gunia limekuwa nusu, wao sasa wanapanda ubao mara mbili kwa hela ile ile. Lipa kwa tani. Mzani uko ghalani tayari.

Uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Shirika la Kazi Duniani tangu 1967 linapendekeza mtu mzima wa kiume asibebe zaidi ya kilo 55, na Kenya ilishaweka kilo 50 kwa gunia la viazi katika kanuni za 2019. Ongeza kitoroli cha magurudumu mawili na ubao mpana wenye vipande vilivyogongomelewa ili mguu usiteleze. Bodi ya lori iko karibu na kifua cha mtu. Kunyanyua kutoka chini hadi pale ndiko kunakomaliza mgongo, kuliko kutembea. Ukiweza kujenga kichuguu cha udongo na mawe cha kimo hicho, lori lirudi nyuma likiguse, umemaliza nusu ya kazi.

Kahawa na ramani ya shamba

*Mimi ni katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Mbinga. Mnunuzi anataka "vipimo vya mahali" vya kila shamba kwa ajili ya soko la Ulaya. Vijana wamekusanya kwa simu, lakini faili limerudishwa mara mbili. Tumekosea wapi?*

Kinachotakiwa kinatokana na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115: kahawa isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kutekelezwa imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawasubiri. Shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji nukta moja tu. Likizidi hapo, mpaka wote uchorwe.

Makosa ya kutafuta ni matatu. La kwanza ni alama ya kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo ya Mbinga ni kama -10.9 na longitudo kama 35. Alama hiyo ikidondoka, shamba la mwanachama wenu linahamia karibu na mpaka wa Ethiopia na Sudan. Namba mbili zikibadilishana nafasi, linaelea katika Atlantiki mbele ya Moroko. Fungueni faili kwenye ramani kabla ya kulituma, mtaona wenyewe.

La pili ni nukta zilizorundikana. Mkiona wanachama 30 wana mahali pamoja, kijana alikaa ofisini akaandika majina. La tatu ni tarakimu. Zinatakiwa sita baada ya nukta. Mtu akiandika -10.93 kisha akajaza sifuri nne, amebaki na kosa linaloweza kufika kama kilomita moja. Simama katikati ya shamba, mahali penye uwazi, usubiri simu itulie, ndipo uhifadhi.

Halafu kuna kukoboa. Kanuni hairuhusu kuchanganya kahawa yenye rekodi na isiyo na rekodi kisha mkahesabu kwa uwiano. Gunia moja lisilojulikana likimwagwa kwenye shehena, shehena nzima imepoteza ushahidi. Tengeni siku ya kukoboa, na mfagie mashine kati ya kundi na kundi. Na faili libaki na nakala AMCOS. Mkilikabidhi lote kwa mnunuzi mmoja, mwakani atakuwa ndiye mnunuzi pekee mnayeweza kumuuzia.

Barafu ya samaki

*Natuma samaki soko la Feri, Dar, kutoka Kilwa. Barafu kiasi gani kwa kilo 100?*

Kilo 100. Wengi wanaweka nusu, wakidhani ni ubahili mzuri. Kumshusha samaki wa nyuzi 30 hadi sifuri pekee kunayeyusha takriban theluthi ya uzito wake wa barafu. Inayobaki ndiyo inayopigana na joto la njiani. Ponda iwe vipande vya ukubwa wa kokoto, maana bonge halimgusi samaki. Tandaza sentimita 5 chini, panga samaki, barafu, samaki, malizia na barafu juu.

Friji bovu lililolazwa chali linafaa sana kuwa sanduku, mradi mpira wa mlango uwe mzima. Toboa tundu chini pembeni maji yatoke, weka wavu ndani yake lisizibwe na magamba, na lori lipaki likiinamia upande wenye tundu.