Maswali na majibu: Mashine ya kurusha theluji ina faida gani nyumbani?

Theluji ikishaanza kurundikana mlangoni, wasomaji huniuliza jambo lilelile: ninunue mashine, au niendelee na beleshi? Wiki hii nawajibu sita.

Njia yetu ya gari ina urefu wa mita 15 na upana wa mita 4. Mume wangu anasema kununua mashine ni anasa. Ni kweli?

Kaeni mpige hesabu pamoja. Theluji ya sentimita 20 kwenye njia hiyo ni mita 12 za ujazo. Ikiwa mpya na kavu, kila mita ya ujazo ina uzito wa kilo 100 hivi, kwa hiyo mna kilo 1,200 za kuhamisha. Beleshi likibeba kilo 5, hapo mtu atainama na kuinuka mara 240. Theluji iliyolowa maji inaweza kuwa na uzito mara tatu ya huo. Na sijagusa lile tuta ambalo magari ya kusafisha barabara huliacha mwanzoni mwa njia, limeshindiliwa na kuchanganyika na vipande vya barafu.

Kama theluji ya namna hiyo huwaangukia mara mbili tatu kwa msimu, beleshi linawatosha na mume wako yuko sahihi. Kama huanguka kila wiki, na mnatakiwa kuwa kazini asubuhi, siwezi kuiita anasa.

Baba yangu ana miaka 67 na aliwahi kutibiwa moyo. Hataki kabisa kuacha beleshi. Nimnunulie mashine?

Swali hili limenigusa kuliko mengine. Baridi hubana mishipa ya damu wakati huohuo mikono inanyanyua mzigo, na wengi wetu hubana pumzi tunaponyanyua. Shinikizo la damu linapanda na moyo unakwenda mbio ndani ya dakika chache. American Heart Association, chama cha Marekani kinachoshughulikia afya ya moyo, kimewaonya watu mara nyingi kuhusu kazi hii, hasa wale ambao moyo wao ulishawahi kusumbua.

Mashine inapunguza mzigo huo, lakini haiumalizi. Kuna kuisukuma, kuna kuigeuza mwisho wa njia, na baridi ni ileile. Kwa hiyo mpeleke kwanza kwa daktari wake, na mpaka daktari aseme, mtu mwingine ndiye aiendeshe. Nakuomba jambo moja zaidi. Mzee aliyezoea kufungua njia ya nyumba yake kwa mikono yake ana heshima yake katika kazi ile. Ukimnyang'anya beleshi bila kumwachia la kufanya, atatoka nalo alfajiri nyie mmelala. Mkabidhi utunzaji wa mashine: oili, mafuta, kukaza nati. Na akisikia maumivu ya kifua, mkono au taya, au pumzi ikimpungukia, aache papo hapo na muombe msaada wa dharura bila kusubiri.

Muuzaji ameniambia kuna mashine ya hatua moja na ya hatua mbili. Uwanja wangu ni wa kokoto. Nichukue ipi?

Ya hatua mbili, bila kusita. Katika ya hatua moja, visu vinavyozunguka ndivyo hivyohivyo vinavyookota theluji na kuirusha, na vinagusa ardhi. Ni nyepesi, inafaa kwenye saruji au lami na theluji isiyozidi sentimita 20 hivi. Kwenye kokoto itarusha mawe. Ya hatua mbili ina skurubu kubwa mbele inayokusanya theluji na kuipeleka kwenye pangaboi lililo nyuma yake, nalo ndilo linaloirusha kupitia bomba. Pembeni ina viatu vya chuma: vishushe ili mdomo wa mashine uinuke juu ya kokoto sentimita mbili tatu. Utaacha tabaka jembamba la theluji, na hilo halina ubaya.

Jiwe likinasa, pini maalumu kwenye skurubu hukatika ili gia isivunjike. Weka akiba ya pini hizo, na usiweke bolti ngumu mahali pake.

Theluji ikikwama kwenye bomba, mume wangu huingiza mkono kuitoa. Anasema akishazima injini hakuna hatari.

Dada, mzuie leo. Hapo ndipo watu wanapopoteza vidole, wakiwemo walioizima injini kwa uangalifu. Pangaboi lililobanwa na theluji linaweza kubaki na nguvu, kwa sababu mkanda unaolizungusha bado umevutika. Mkono unapoichomoa theluji iliyolibana, nguvu ile inaachiliwa na pangaboi linazunguka ghafla. Ni mzunguko mdogo tu, lakini unatosha. Glavu haisaidii chochote.

Aachie vishikio, azime injini, achomoe ufunguo, asubiri mpaka kila kitu kisimame, kisha atumie fimbo. Mashine nyingi huuzwa na fimbo ya plastiki iliyobanwa juu yake. Nyingine hukaa miaka haijaguswa, na inaniuma kila ninapoiona hivyo. Mkono usiingie, hata mara moja, hata kama ni kipande kidogo kilichobaki.

Na kukwama kwenyewe kunapunguzika. Theluji iliyolowa hunata pangaboi linapozunguka polepole, kwa hiyo injini iende kwa kasi yake yote huku miguu ikitembea taratibu, na achukue nusu ya upana wa mdomo kila mara. Kupuliza silikoni ya kutelezesha ndani ya bomba kabla ya kuanza kunasaidia sana. Watoto wakae ndani mpaka amalize.

Petroli au betri?

Kwa njia fupi na theluji ya kawaida, betri: haina moshi, haina kelele nyingi, haihitaji kuvuta kamba. Ihifadhi betri ndani ya nyumba, maana baridi huipunguzia uwezo. Kwa njia ndefu, theluji nzito na lile tuta la barabarani, bado naamini petroli. Ila usiiwashe ndani ya banda la gari, hata mlango ukiwa wazi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua.

Mwaka jana ilifanya kazi vizuri. Mwaka huu nimevuta kamba hadi bega linauma, haiwaki.

Petroli uliyoiacha tangu msimu uliopita imeharibika na kuacha utomvu unaoziba njia nyembamba za kabureta. Mwaga ya zamani kwenye chombo salama, weka mpya, angalia plagi. Ikikataa, kabureta inahitaji kusafishwa. Msimu ukiisha, tia dawa ya kuhifadhi petroli kisha iendeshe dakika chache ili ifike kwenye kabureta, au maliza mafuta yote. Na uijaribu wiki kadhaa kabla ya theluji ya kwanza, wakati fundi bado ana nafasi.