Kwa nini kutu huanzia upenuni?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumba yangu ipo Mikindani, hatua chache kutoka baharini. Niliiezeka miaka sita iliyopita, na sasa mabati ya upenuni yameliwa na kutu, ilhali shemeji yangu wa Masasi, bara mbali na bahari, aliyeezeka mwaka uleule kwa bati la geji ileile, hana hata doa. Kinachonishangaza ni kwamba kutu imeanzia upande wa chini, ambako mvua haifiki. Je, niliuziwa mabati mabovu?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako sioni sababu ya kuyalaumu mabati. Chuma hushika kutu kinapopata maji na oksijeni kwa pamoja, na maji hayo si lazima yaonekane, kwani unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 60 utando mwembamba wa maji hutanda juu ya chuma. Huko kwenu huongezeka chumvi inayopeperushwa na upepo kutoka kwenye mawimbi. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu hadi ikayeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofikia asilimia 75. Kloraidi ya magnesi, chumvi nyingine iliyomo katika maji ya bahari, huyeyuka hata kwenye asilimia 33. Pitisha kidole kwenye grili ya dirisha alfajiri, nawe utakuta kimelowa na kinanata ingawa mvua haikunyesha. Upepo ukifika Masasi, sehemu kubwa ya chumvi hiyo imekwisha kuanguka njiani.

Juu ya paa, mvua huiosha chumvi. Chini ya upenu hakuna wa kuiosha, hivyo hujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Zinki iliyopakwa kwenye bati huliwa kwanza badala ya chuma, na dalili yake ni unga mweupe. Wekundu ukitokea, kinga hiyo imekwisha mahali hapo.

Moshi wa mafuta yenye salfa nao huchanganyika na unyevu ukawa tindikali. Hata unga wa salfa tunaopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu) hula chuma chenye unyevunyevu, kwa hiyo mashine ya kupulizia isilazwe bila kusafishwa.

Nakusihi uoshe upenu na grili kila mwezi wakati wa kiangazi, kwa maji yasiyo na chumvi, maana visima vingi vya pwani vina maji ya magadi. Palipo pekundu, kwangua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, osha, acha pakauke kabisa, kisha paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Rangi ikipakwa juu ya chumvi, kutu huendelea chini yake na rangi hubanduka.