Pedi ya wino na kadi zisizo na madoa

Wanaonunua kadi zangu huuliza kwanza mihuri nimeitoa wapi. Fundi wa mihuri Kariakoo atakutengenezea ua, nanasi au herufi za maharusi na vitatoka vizuri tu. Kadi ya kuuza na kadi ya kutupa zinatofautiana kabla muhuri haujaigusa karatasi, pale unapochukua wino kwenye pedi.

Na si kila pedi inafaa. Ile ya ofisini, ya bluu au zambarau, imetengenezwa ikae wazi mezani siku nzima bila kukauka. Wino wake mara nyingi una glisirini, na glisirini huvuta unyevu wa hewani. Kwenye karatasi ya barua wino huo unazama na mambo yanaisha. Kwenye kadi inayong'aa hauna pa kuzama. Unakaa juu ukisubiri kidole cha mtu. Masika ya Dar ndiyo usiseme. Kwa karatasi za kung'aa, plastiki au kioo, tafuta wino uliochanganywa na kiyeyushi badala ya maji, kama StazOn wa kampuni ya Tsukineko ya Japani. Unashika haraka, ila una dawa yake ya kuusafishia, nayo ni kali. Mimi huutumia na mihuri ya mpira tu, ile angavu, ya plastiki laini unayoweza kuona upande wa pili, naiepusha nao.

Kwa manila na kaki ninazotumia kila siku, kuna wino mwepesi wa maji na wino mzito wenye chembe za rangi. Mwepesi hunywewa na karatasi, hukauka upesi na hutoa mistari myembamba, lakini karatasi dhaifu huusambaza hadi ua linaota ndevu. Mzito hukaa juu, kwa hiyo nyeupe yake huonekana hata kwenye kaki au manila nyeusi. Kasoro yake ni kuchelewa kukauka, ingawa wanaonyunyiza unga wa kunyanyua maandishi huupendea hilohilo: unga unanata kwenye wino mbichi, kisha unayeyushwa kwa mashine ya hewa moto. (Mashine ya kukaushia nywele haifai. Inapeperusha unga kabla haujapata moto wa kutosha.)

Sasa namna ya kuchukua wino. Tumezoea kukandamiza muhuri kwenye pedi kama karani mwenye foleni. Ukikandamiza, wino unaingia kwenye mifereji ya mchoro na kupanda pembeni, halafu unashangaa mistari ya ajabu imetoka kuzunguka ua. Geuza kazi: laza muhuri uso juu, shika pedi, uigusegusie muhuri kwa wepesi, mara nyingi, huku na huku. Kwa muhuri mkubwa kuliko pedi hakuna njia nyingine. Kisha uinamishe kwenye mwanga. Wino ukimeremeta sawasawa, uko tayari. Ukiona vidimbwi, gonga kwanza kwenye gazeti. Mpira uliobaki pembeni ya mchoro ukate kwa mkasi. Fundi wengi hawahangaiki nao, na huo ndio unaochafua.

Ukigonga, bonyeza wima na unyanyue wima, mkono mwingine ukiwa umeshikilia karatasi. Usiyumbishe. Watu huyumbisha wakidhani mchoro utakolea, kumbe wanashusha kingo zenye wino. Mihuri angavu isiyo na sponji nyuma inahitaji kitu laini chini ya karatasi. Kile kizulia cha kipanya cha kompyuta kinatosha. Na kama ni mipya, mara nyingi ina utando unaoufanya wino ujikusanye matone matone. Ipitishie ufutio wa penseli taratibu, utando utoke.

Mkono wangu wa kulia ni wa wino, wa kushoto ni wa karatasi, na hawatembeleani. Simu ikiita, inaita.

Ukiwa na rangi kadhaa, anza na nyepesi uende kwenye nzito. Njano ikishaguswa na muhuri wenye zambarau, doa linabaki juu ya pedi. Likiwa bichi, linyonye kwa tishu, ukibadilisha upande wa tishu kila mara. Kusugua kunalisukuma ndani.

Kusafisha muhuri kwenyewe ni kazi ndogo: kipande cha fulana kuukuu chenye unyevu, gonga muhuri juu yake mpaka uache kutoa rangi, kisha ukaushe. Maji yakibaki, pedi inayofuata itayanywa. Spiriti iache, hukausha mpira ukapasuka. Vitambaa vya kufutia watoto vinasaidia mradi visiwe na mafuta, kwa sababu mafuta hukataa wino. Muhuri wenye mpini wa mbao usiuloweke, gundi itaachia.

Pedi za kitambaa kigumu nazihifadhi zimelala kifudifudi ili wino ubaki karibu na uso. Za sponji yenye wino mzito nazilaza kawaida. Zote mbali na dirisha, na kifuniko kinarudi mara tu muhuri umeshapata wino, hata kama nitakifungua tena baada ya dakika moja.

Pedi ikififia, ongeza wino wa aina ileile. Ukitia mzito kwenye pedi ya mwepesi, matundu yataziba. Vaa glovu, dondoshea matone kwa mistari, sambaza kwa ukingo wa kadi ya plastiki iliyokwisha kazi, kisha funika na uiache usiku kucha. Asubuhi gonga kwenye gazeti mpaka mistari myembamba ya mchoro ianze kuonekana tena, ndipo uiguse kadi ya mteja.