Kushusha injini ya Land Cruiser nyumbani: achana na tawi la mwembe

Miembe ya Tabora ina kivuli kizuri, na ndiyo maana uani Isevya au Cheyo utakuta cheni bloku, yaani kapi la mnyororo la kuinulia mizigo, inaning'inia kwenye tawi na injini chini yake. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mwembe huoza kwa ndani huku gome likionekana zima, na tawi linalovumilia watoto msimu wa maembe halijawahi kubeba chuma kizito katika nukta moja, tena kinachotikisika. Kenchi la nyumba nalo ni la kubeba mabati tu.

Injini ya 1HZ, ile ya dizeli yenye silinda sita, usiihesabie chini ya kilo 400. Ukiitoa pamoja na gea boksi na transfa (boksi la kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma), panga kazi kwa kilo 600. Cheni bloku iwe ya tani 2. Ya tani 1 ingetosha kwa hesabu, lakini injini ikinasa mahali huku mtu anaendelea kuvuta, uzito kwenye ndoano hupanda ghafla.

Badala ya tawi, tengeneza stendi ya miguu mitatu ya bomba la chuma la inchi 3, kila mguu mita 3.7, inayokutana juu ili cheni bloku ining'inie hapo. Ukiitanua ili nafasi kati ya mguu na mguu iwe mita 3, kilele kitasimama mita 3.2 hivi kutoka chini. Usiibane zaidi ya hapo, kwa sababu miguu hukaribiana kadiri inavyopanda na itagusa madigadi. Miguu miwili ikae ubavuni mwa gari, mmoja kila upande, na wa tatu mbele ya bampa. Udongo wetu wa kichanga hauaminiki, hasa mvua za Novemba zikishaanza: chini ya kila mguu weka kipande cha ubao mgumu, mninga ukipatikana, sentimita 30 kwa 30 na unene wa sentimita 5. Kisha funga miguu yote kwa mnyororo usawa wa ardhi isitanuke. Mnyororo unaopita chini ya gari uzike kwenye kijifereji ili matairi yapite juu yake. Kwa wenzetu wa Kigoma wenye nyumba za mteremkoni, tafuteni uwanja tambarare kabla ya kufungua nati hata moja.

Kagua cheni bloku kabla ya kuiamini. Ukivuta kupandisha lazima isikike tik-tik. Ikiwa kimya, kijino cha kuzuia au springi yake ina kasoro. Ndoano iliyopanuka mdomo au isiyo na kilimi (kile kifungio cha mdomoni) ni ya kutupa. Inua kitu kizito sentimita 5, weka alama ya chaki kwenye cheni, subiri dakika tano. Alama ikisogea, breki imekwisha au kuna mtu ameitia oili, na breki ile inashika kwa msuguano mkavu.

Kufungua kwenyewe fundi anakujua: terminali ya hasi kwanza, kumwaga maji injini ikiwa imepoa, boneti, grili, rejeta, feni, eksozi, stata. Kompresa ya AC usiikate mabomba. Ifungue bolti tu na kuifunga pembeni na gesi yake. Mabomba ya dizeli yazibe kwa nailoni safi saa hiyo hiyo, maana punje ya mchanga inatosha kuharibu nozeli. Maji ya kulanti, yale ya kupozea injini, yakinge kwenye ndoo na kuyafunika. Yana ladha tamu na ni sumu; mbuzi wa jirani hawezi kujua.

Funga mnyororo kwenye masikio mawili ya kuinulia yaliyo kwenye injini yenyewe, kamwe usiuzungushe kwenye manifoldi (mabomba ya hewa na moshi ubavuni mwa injini). Sikio likikosekana, weka lingine kwa bolti zenye alama 8.8 kichwani. Angalia pia pembe. Miguu ya mnyororo, yaani vipande viwili vinavyopanda kutoka masikioni hadi ndoano, ikisimama nyuzi 60 kutoka usawa, kila mmoja unabeba kilo 230 kwa injini ya kilo 400. Ikilala hadi nyuzi 30, kila mmoja unabeba kilo 400 nzima. Mnyororo mfupi mno ndio unaokatika.

Gea boksi ibaki garini, juu ya jeki na gogo. Kaza cheni hadi ibebe uzito, ndipo ufungue mauntingi, vile vishikio vya injini kwenye fremu. Pandisha sentimita 5, simama. Zunguka gari zima na tochi. Upande mmoja ukigoma, mara nyingi ni waya wa ethi (unaounganisha injini na bodi) nyuma ya injini, uliosahaulika kwa sababu hauonekani ukiwa umesimama mbele.

Sasa tazama mwanya kati ya injini na gea boksi. Unapaswa kuwa sawa pande zote. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, injini inalalia shafti ya gea boksi, na klachi pleti itapinda katikati bila wewe kujua hadi gari litakapogoma kuingia gia. Rekebisha kwa jeki au cheni, usitumie mtarimbo. Shafti ikigoma kutoka, zungusha puli ya krenki kidogo kwa spana. Vuta injini mbele kiasi cha sentimita 15 hadi shafti iachie kabisa, ndipo uipandishe.

Injini ikishapita juu ya fremu ya mbele, ifunge gea boksi kwenye fremu ya gari, toa jeki, gogo na kabari za matairi, sukuma gari nyuma polepole huku mtu mmoja akiwa kwenye breki ya mguu. Miguu mitatu isisogezwe ikiwa na mzigo. Hakuna anayepita chini, hakuna anayeingiza mkono kutafuta nati iliyodondoka.

Ishushe mara moja, isilale ikining'inia. Iegemee mbao mbili zinazoshika sehemu za mauntingi, sampu ya oili (karai la chini ya injini) isiguse kitu. Sampu ikibonyea inasukuma chujio la pampu ndani, oili haivutwi vya kutosha, na beringi zinagonga wiki chache baada ya injini kurudishwa.