Maswali ya Wasomaji: Kupunguza Vitu vya Nyumba Uzeeni

SWALI: Mimi na mke wangu tumevuka miaka 70. Watoto wamejitegemea, na baada ya miezi 4 tunahamia nyumba ya vyumba viwili. Tulianza kupunguza vitu kwa albamu za picha na barua. Wiki mbili zimepita, hakijatoka hata kitu kimoja. Tumekosea wapi? (Mstaafu)

JIBU: Mmeanzia mwisho, mzee wetu. Picha na barua huachwa hadi kazi nyingine zote zimekwisha, maana kila moja inataka ikaliwe chini na kusimuliwa. Anzeni na vitu visivyomliza mtu: stoo, bafu, ndoo zilizopasuka, nyaya za vifaa ambavyo vyenyewe havipo tena. Mkono ukishazoea kuamua huko, hautasita sana ukifika kwenye vitu vizito.

Hata hivyo, kabla ya kufungua droo yoyote, kapimeni nyumba mpya. Chukueni tepu na karatasi ya miraba, mchore vyumba kwa kipimo cha sentimita 5 kwa kila mita 1. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinaenea kwenye karatasi moja ya A4. Kateni vipande vya karatasi kwa kipimo hichohicho, kimoja kwa kila kitanda, kochi na kabati, mvipange juu ya mchoro. Njia ya kupita iachiwe sentimita 90, na kando ya kitanda pabaki 60 upande anaoshukia mtu. Kama kuna kiti cha magurudumu, au huenda kikahitajika, paachwe mahali pa kugeukia penye upana wa sentimita 150. Pimeni na milango na kona za ngazi, maana kabati linaloenea chumbani huweza kugoma koridoni. Kisha chagueni kwanza vinavyokwenda. Vinavyobaki vitakuwa vimejitenga vyenyewe, na ubishi hupungua sana.

Fanyeni kazi asubuhi, saa moja na nusu kwa siku inatosha. Akili huchoka kuamua kabla mwili haujachoka kubeba, na dalili yake ni kwamba kila kitu kinaanza kuonekana cha lazima. Mkifika hapo, acheni. Tengeni mafungu manne: vinavyokwenda, vya jamaa, vya kuuza au kugawa, vya kutupa. Ruhusa ipo ya boksi la "tutaona", ila liwe moja tu. Lifungwe kwa selotepu na kuandikwa tarehe. Likimaliza miezi 6 halijafunguliwa, litoke kama lilivyo. Vya kugawa viondoke wiki hiyohiyo. Rundo likilala koridoni hurudi kabatini kimoja kimoja, na usiku linawakwaza.

Jikoni ndiko wengi hukwama. Sufuria za kupikia watu thelathini zimpate mwenye nafasi nazo, nanyi mtaziazima siku ya haja. Vya kila siku vikae kati ya kiuno na bega, ili asiwepo wa kupanda kigoda. Vitabu vifungwe kwenye maboksi madogo yasiyozidi kilo 12, kwa sababu boksi kubwa la vitabu huachia kitako njiani. Tena kabla hamjagawa kitabu au koti, pekueni kila ukurasa na kila mfuko. Hati na fedha hupenda kujificha humo.

SWALI: Mama hataki kuachia chochote, na njia za ndani zimeziba. Ndugu zangu wanataka twende siku hayupo, tutupe. Mnasemaje? (Binti yake)

JIBU: Msithubutu. Akigundua, na atagundua, ataanza kufunga vyumba kwa kufuli na hata msaada mwingine ataukataa. Anzeni na usalama, kwa sababu hilo halina ubishi mkubwa: zulia linalokunjika, nyaya zinazokatiza njia, vitu vilivyorundikwa kwenye ngazi na mlangoni. Hapo mnasogeza tu, hamtupi.

Baadaye mpeni kuchagua. Ukimuuliza "Mama, hili tutoe?" jibu ni hapana. Muulize, "Mama, katika mabirika haya matano, mawili unayoyapenda ni yapi?" Utaona tofauti.

Mkifika kugawana, gaweni yeye mwenyewe akiwepo. Pigeni kura ya nani aanze, kila mmoja achague kimoja kwa zamu. Duru ya pili ianzie kwa aliyekuwa wa mwisho, la sivyo wa kwanza atajichotea vizuri vyote. Andikeni, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyetaka kitu aseme wazi, na anayetaka apewe tarehe ya kukichukua. Nyumba ya mama si ghala la watoto. Lakini kama tabia hii imeanza ghafla, pamoja na kusahau au kuhifadhi chakula kilichooza, mwoneni daktari kwanza.

SWALI: Nina dawa zilizopitwa na muda, betri na simu za zamani. Nitupe wapi?

JIBU: Dawa zirudishe famasi, usizimwage chooni, zinaingia kwenye maji. Famasi isipopokea, zitoe kwenye pakiti, zichanganye na udongo au makapi ya kahawa, fungia kwenye mfuko ndipo utupe, na ukwaruze jina lako kwenye chupa. Betri za lithiamu zibandike selotepu kwenye vichwa vyake na uzipeleke panapokusanywa taka za umeme, kwani zikigusana huweza kuwaka. Iliyovimba usiitoboe. Kwenye simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu, jiondoe kwenye akaunti, kisha uirudishe kwenye mpangilio wa kiwandani. Ukiruka hatua ya akaunti, utakayempa atakuta imejifunga.

SWALI: Picha zangu zimeganda kwenye albamu za gundi. Nizitoeje?

JIBU: Usivute. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu, kama msumeno. Iliyogoma kabisa iskani ikiwa palepale kwenye ukurasa: nukta 300 kwa inchi kwa picha ya ukubwa wa postikadi, 600 kwa ndogo zaidi, na uhifadhi nakala mbili mahali tofauti. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu; kalamu ya wino huchora alama hadi upande wa mbele. Karatasi ya picha isiposhika penseli, andika kwenye bahasha kabla ya kuitia picha ndani.