Maswali ya Wasomaji: Mkwaju wa Kuachiwa katika Gofu ya Shimo kwa Shimo

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimezoea kutazama mashindano ya gofu ambayo kila mchezaji hukamilisha mashimo 18 kwa siku nne mfululizo, na mwenye jumla ndogo ya mikwaju ndiye anayetawazwa bingwa. Hivi karibuni nilitazama marudio ya fainali ya Machi 2023 ya mashindano ya shimo kwa shimo yaitwayo WGC Match Play, iliyochezwa Austin, Texas, ambayo Sam Burns alimshinda Cameron Young. Kabla hata hawajalikaribia shimo la 18, wachezaji walivua kofia, wakapeana mikono, na matokeo yakaandikwa "6 na 5". Naomba unieleweshe tarakimu hizo, na unieleze kwa nini mashimo yaliyobaki hayakuchezwa.

JIBU: Hayakuchezwa kwa sababu yasingeweza kubadili chochote. Katika mchezo wa shimo kwa shimo hakuna jumla ya mikwaju inayoandikwa mwishoni. Kila shimo ni shindano dogo linalojitegemea, na anayelimaliza kwa mikwaju michache zaidi hulihesabu kuwa lake. Wakilingana, shimo hilo ni sare na hakuna anayesogea. Tarakimu ya kwanza katika matokeo uliyoyaona ni idadi ya mashimo ambayo mshindi alikuwa anaongoza, na ya pili ni idadi ya mashimo yaliyokuwa yamebaki. Burns alipomaliza shimo la 13 alikuwa mbele kwa mashimo sita, na Young alibakiwa na matano tu. Hata angeyashinda yote, bado angekuwa nyuma kwa moja.

Jambo linalowapita watazamaji wengi ni kwamba kushindwa shimo kwa mkwaju mmoja na kushindwa kwa mikwaju mitano ni kitu kilekile. Mchezaji aliyeutumbukiza mpira wake majini mara mbili, ambaye katika mashindano ya kuhesabu mikwaju angeharibu kazi yake ya juma zima, hapa huokota mpira, humwachia mwenzake shimo, na kwenda kuanza linalofuata akiwa amepoteza shimo moja tu. Ndiyo maana wapo wanaothubutu mikwaju ambayo siku nyingine wasingeijaribu kamwe.

Ukitaka kuona pengo linavyoweza kuwa kubwa, itazame raundi ya kwanza ya mashindano hayohayo mwaka 2006 kati ya Tiger Woods na Stephen Ames pale La Costa, California. Woods alishinda mashimo yote tisa ya mwanzo, la kumi likawa sare, na mechi ikaishia hapo kwa "9 na 8". Kinyume chake ni fainali ya kwanza kabisa ya mashindano hayo, mwaka 1999, ambayo ilipangwa kuwa ya mashimo 36. Jeff Maggert na Andrew Magee walilingana hadi mwisho, wakaongezewa mashimo, na Maggert akashinda katika la 38.

SWALI: Mhariri, nina uchungu ambao miaka haijautuliza. Katika robo fainali ya WGC Match Play ya mwaka 2019 pale Austin, Sergio García alikuwa na mpira uliobaki inchi chache tu kutoka shimoni. Aliugusa kwa haraka, ukakataa kuingia, na Matt Kuchar akapewa shimo. Kila aliyekuwapo alijua kwamba mpira ule ulikuwa umekwisha kuingia kwa hesabu ya akili. Je, hii si dhuluma? Na kama si dhuluma, kwa nini sheria inaruhusu mchezaji amsamehe mwenzake leo na asimsamehe kesho?

JIBU: Ndugu msomaji, uchungu wako naufahamu, na ninakushukuru kwa kuuliza swali ambalo naliona kuwa ndiyo roho ya mchezo huu. Nitalijibu kwa kirefu.

Kwanza tuukumbuke mkasa wenyewe. Wakiwa shimo la saba, García alikuwa na mkwaju wa kusukuma wa futi kadhaa ambao ungempatia ushindi wa shimo. Aliukosa. Mpira ukasimama kando ya shimo, mahali ambapo mpinzani kwa kawaida husema "nimekuachia," na mkwaju unaofuata ukahesabiwa kuwa umepigwa na mpira umeingia. García hakulisubiri neno hilo. Alinyoosha mkono akaupiga mpira kwa upande wa nyuma wa fimbo, kwa uzembe wa mtu anayeamini kwamba jambo limekwisha, nao ukapita ukingoni. Kuchar alieleza kwamba alikuwa hajauachia mkwaju ule na kwamba hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Shimo ambalo lingekuwa sare likawa la Kuchar, na mwisho wa mechi akashinda kwa tofauti ya mashimo mawili.

Sheria katika jambo hili ni nyofu. Kuachia mkwaju ni haki ya mpinzani peke yake; si ya mwamuzi, si ya watazamaji, wala si ya mwenye mpira. Ni lazima kuelezwe waziwazi, kwa neno au kwa ishara isiyo na utata, na kabla mkwaju haujapigwa. Kukishatolewa hakukataliwi na hakurudishwi: aliyeachiwa hawezi kusema "hapana, nitaupiga mwenyewe" ili matokeo yake yahesabiwe, na aliyeachia hawezi kujutia. Lakini mkwaju uliokwisha kupigwa hauwezi kuachiwa tena, kama vile neno lililokwisha kutoka kinywani halirudi. Kwa hiyo hata kama Kuchar angejawa na huruma dakika ile, hakuwa na njia ya kulirudisha shimo la saba. Njia pekee iliyobaki wazi ilikuwa kumwachia García shimo jingine lililofuata, kwa maana sheria inaruhusu shimo zima kuachiwa hata kabla halijaanza. García mwenyewe alilidokeza hilo, na Kuchar hakulifuata.

Je, alipaswa kulifuata? Mimi nasema hakuwajibika. Kosa lilikuwa la haraka ya García, na mchezo unaomtaka mtu asubiri neno la mwenzake humfundisha kwamba hakuna kitu kinachokwisha mpaka kimekwisha kweli. Ni kweli kwamba ningempenda zaidi Kuchar kama angetoa shimo, ila kupendwa na kuwa na haki ni mizani miwili, na wewe umeniuliza kuhusu dhuluma. Dhuluma haikuwapo.

Hukumu yangu ni tofauti kidogo ninapolitazama tukio la Septemba 2015 pale St. Leon-Rot, Ujerumani, katika Kombe la Solheim, ambalo wanawake wa Ulaya na wa Marekani hushindania. Katika shimo la 17 Alison Lee wa Marekani alibakiwa na mkwaju wa kama sentimita 45. Charley Hull, mmoja wa wapinzani wake wawili, alikuwa ameanza kuondoka kwenye kijani, yaani eneo la nyasi fupi lililozunguka shimo, na Lee, akidhani amesikia neno la kuachiwa, akauokota mpira. Suzann Pettersen akasema kwamba hawakuwa wameuachia mkwaju ule. Ulaya ikapewa shimo, kisha mechi. Siku hiyohiyo Wamarekani, waliokuwa nyuma kwa pointi 10 dhidi ya 6, waliingia mechi za mmoja mmoja na kulitwaa kombe kwa pointi 14½ dhidi ya 13½. Baadaye Pettersen aliomba radhi hadharani. Hapa pia sheria ilifuatwa. Hata hivyo, mtu anapoupa mpira mgongo na kuondoka, mwili wake husema jambo fulani, na mimi naamini asiyekusudia kuachia anapaswa kubaki na kutazama. Sheria zilizoanza kutumika mwaka 2019 zinaeleza kwamba mchezaji aliyeokota mpira kwa kulielewa vibaya, kwa sababu ya msingi, neno au kitendo cha mpinzani hapewi adhabu, bali huurudisha mpira mahali pake na kuendelea. Naliona hilo kuwa jambo la busara sana, ingawa ubishi juu ya kipi ni sababu ya msingi utabaki kuwapo.

Umeuliza pia kwa nini mchezaji asamehe leo na asisamehe kesho. Ni kwa sababu kuachia ni silaha kama ilivyo hisani. Wapo wanaoachia mikwaju mifupi yote ya mwanzo, kisha mechi inapokaza wananyamaza. Mpinzani, ambaye mikono yake haijazoea kupiga mkwaju wa futi mbili siku hiyo, ghafla anatakiwa kuupiga wakati moyo unamdunda. Hakuna udanganyifu katika hilo. Na ipo siku hisani hushinda kila hesabu. Mwaka 1969 pale Royal Birkdale, Uingereza, Kombe la Ryder, ambalo wakati huo wanaume wa Marekani na wa Uingereza walilishindania, lilifika mechi ya mwisho, shimo la mwisho, pande zote zikiwa sawa. Jack Nicklaus wa Marekani alitumbukiza mpira wake, kisha, kwa kumwachia mkwaju, akaiokota alama iliyowekwa mahali pa mpira wa Tony Jacklin kabla Mwingereza huyo hajalazimika kuupiga mkwaju ambao, mbele ya umati ule, ungeweza kumwandama maisha yake yote. Mashindano yakaisha 16 kwa 16. Nahodha wake, Sam Snead, hakufurahishwa. Marekani ililibakisha kombe kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inalishikilia, kwa hiyo Nicklaus hakuigharimu timu yake kombe lenyewe. Alichokitoa ni nafasi ya ushindi kamili, nacho si kidogo.

SWALI: Kama mchezo huu una utamu kiasi hiki, kwa nini wanagofu wa kulipwa wanaucheza kwa nadra?

JIBU: Sababu kubwa ni televisheni na wenye fedha. Ubingwa wa PGA, mmoja wa mataji manne makubwa, ulichezwa shimo kwa shimo tangu mwaka 1916 hadi 1957, na Walter Hagen aliunyakua mara nne mfululizo, 1924 hadi 1927. Mwaka 1958 ukageuzwa kuwa wa kuhesabu mikwaju. Katika mtoano, nyota anaweza kwenda nyumbani siku ya kwanza. Katika WGC Match Play ya mwaka 2002 pale La Costa, wachezaji watatu waliopangwa juu kabisa, Woods, Phil Mickelson na David Duval, waliondolewa wote raundi ya kwanza, na bingwa akawa Kevin Sutherland, ambaye ndiye aliyemwondoa Duval. Ili kulipunguza hilo, kuanzia mwaka 2015 wachezaji 64 waligawanywa katika makundi 16 ya watu wanne, kila mmoja akihakikishiwa mechi tatu kabla ya mtoano. Mashindano yenyewe yalikoma baada ya fainali ile ya Burns na Young. Nasikitika kwamba hayapo tena.

SWALI: Mpinzani wangu alinitaka niurudie mkwaju mzuri sana kwa madai kwamba nilipiga kabla ya zamu yangu. Ana haki?

JIBU: Anayo, mradi awe amekuambia mara moja, kabla yeye au wewe hajapiga mkwaju mwingine. Katika kuhesabu mikwaju kukosea zamu hakuna adhabu, lakini katika shimo kwa shimo mpinzani anaweza kuufuta mkwaju huo nawe ukaupiga upya kutoka palepale. Annika Sörenstam lilimpata katika Kombe la Solheim la mwaka 2000 pale Loch Lomond, Uskoti: alipiga mpira kutoka nje ya kijani ukaingia shimoni moja kwa moja, wapinzani wakasema haikuwa zamu yake, akarudia, na mara ya pili haukuingia. Siku nyingine, mipira miwili inapoelekea kuwa na umbali unaokaribiana kutoka shimoni, muulize mwenzako nani aanze, kisha usubiri akujibu kabla hujashika fimbo.