Maswali yenu: kura za mchujo, waunga mkono na magereza ya Marekani

Wiki iliyopita niliandika kwamba mbio za chama cha Democratic za mwaka 2020 ziligeuzwa na mzee mmoja wa South Carolina ndani ya siku tatu, na kwamba aliyenufaika, Joe Biden, ndiye yule yule aliyesimamia sheria ya jinai ya 1994 inayolaumiwa kwa kujaza magereza. Maswali yamefurika. Nimechukua yale yaliyojirudia zaidi, na nimeyafupisha.

Huyo mzee Clyburn ana nini hasa? Huku kwetu Raila alisema "Kibaki tosha" mwaka 2002 na mambo yakabadilika, lakini alikuwa na muungano mzima nyuma yake. Huyu ni mbunge mmoja tu. — Msomaji, Kisumu

Ni mbunge mmoja, ila si wa kawaida. James Clyburn yuko Baraza la Wawakilishi tangu 1993, na wakati ule alikuwa namba tatu katika uongozi wa chama chake bungeni. Na jimbo lake lina sifa moja kubwa: katika kura za mchujo za Democratic pale, zaidi ya nusu ya wapiga kura ni Wamarekani weusi.

Kumbuka hali ya Biden mwezi ule. Iowa alikuwa wa nne, New Hampshire wa tano, Nevada wa pili lakini mbali nyuma ya Bernie Sanders. Watu walishaanza kumzika. Tarehe 26 Februari Clyburn akasimama akasema maneno yaliyorudiwa na kila redio: "Ninamjua Joe. Tunamjua Joe. Lakini la muhimu zaidi, Joe anatujua sisi." Siku tatu baadaye Biden akapata karibu asilimia 49 ya kura, Sanders kama 20. Waliohojiwa wakitoka vituoni, karibu nusu walisema kauli ya Clyburn ilikuwa na uzito katika uamuzi wao.

Mimi sidhani Clyburn alimbadilisha mtu mawazo. Biden alikuwa anaongoza pale kwa miezi. Walichokosa watu ni uhakika kwamba wenzao nao hawajamkimbia, na mzee akawapa. Baada ya hapo yakafuata mafuriko: wagombea wenzake Pete Buttigieg na Amy Klobuchar wakajitoa, wakamuunga mkono wakiwa Dallas tarehe 2 Machi, na kesho yake Biden akashinda majimbo 10 kati ya 14 yaliyopiga kura siku hiyo.

Lakini kauli ile ilikuwa na bei, na hapa ndipo inapogusa haki jinai. Kwenye mdahalo wa Charleston, usiku wa kuamkia kauli hiyo, Biden aliahidi kumteua mwanamke mweusi Mahakama ya Juu. Inasimuliwa kwamba Clyburn mwenyewe alimfuata wakati wa mapumziko kumkumbusha alitamke. Mwaka 2022 ahadi ikawa Jaji Ketanji Brown Jackson, aliyepitishwa na Seneti kwa kura 53 dhidi ya 47. Wengi wanataja rangi na jinsia yake. Wachache wanataja kwamba aliwahi kufanya kazi ya wakili wa utetezi anayelipwa na serikali kuwatetea washtakiwa wasio na fedha, na kwamba katika historia yote ya mahakama ile hakuna jaji mwingine aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Waendesha mashtaka wa zamani wamekalia viti vile tangu enzi. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko la kudumu kuliko yote lililotoka katika mbio zile, na katika midahalo hakuna aliyeliita mageuzi ya haki jinai.

Mnamsema Biden na sheria ya 1994. Sanders je, hakuwepo? — Msomaji, Moshi

Alikuwepo, na alipiga kura ya ndiyo. Clyburn pia. Sanders alieleza kwamba ndani ya sheria hiyo mlikuwa na sheria ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili na marufuku ya bunduki za kivita, na kweli vilikuwemo. Sheria ile ilikuwa kapu: askari 100,000 wapya, fedha za kujenga magereza, makosa mapya yenye adhabu ya kifo, kifungo cha maisha kwa anayetiwa hatiani mara ya tatu kwa makosa mazito, na wafungwa kunyimwa ruzuku ya serikali ya kusomea chuo. Hiyo ruzuku haikurudi kikamilifu mpaka 2023.

Hata hivyo anayesema sheria hiyo peke yake ndiyo iliyojaza magereza hajaangalia kalenda. Idadi ya wafungwa ilianza kupanda miaka ya 1970. Kwa upande wa dawa za kulevya, sheria iliyouma zaidi ni ya 1986, ambayo Biden pia alishiriki kuitunga: gramu 5 za kokeini ya kuvuta moshi (crack), ile iliyouzwa mitaa ya watu weusi, zilikupa kifungo cha lazima cha miaka mitano, ilhali kwa kokeini ya unga ilibidi ukamatwe na gramu 500. Uwiano wa 100 kwa 1! Mwaka 2010 ukashushwa hadi 18 kwa 1, na hapo ndipo ulipo hadi leo. Muswada wa kuufanya sawa ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2021 ukafia Seneti.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa sheria Dodoma. Kamala Harris alikuwa mwendesha mashtaka, kazi ya heshima. Kwa nini ilimponza?

Marahaba. Kwanza jua tofauti hii: kwetu Mkurugenzi wa Mashtaka anateuliwa, kule mwendesha mashtaka wa wilaya kwa kawaida anapigiwa kura. Kwa hiyo kila jalada alilofungua ni sera, na litafukuliwa siku akitaka kikubwa zaidi. Harris alishika kazi hiyo San Francisco kuanzia 2004, kisha akawa Mwanasheria Mkuu wa California tangu 2011 mpaka alipoingia Seneti 2017.

Julai 31, 2019, kwenye mdahalo wa Detroit, mgombea mwenzake Tulsi Gabbard alimshukia kwa waliofungwa kwa bangi enzi zake. Wengine walimkumbusha sheria ya utoro aliyoipigania California, iliyowezesha mzazi kushtakiwa mtoto wake akizidi kukosa shule. Ukiishia hapo utamwona ni mkali tu. Lakini ni huyo huyo ambaye mwaka 2004, miezi michache baada ya kuingia ofisini, alikataa kuomba adhabu ya kifo kwa aliyemuua askari polisi, na vyama vya polisi vikamchukia kwa miaka. Ndiyo maana 2019 hakuwa na wa kumtetea: wa mageuzi walimwona polisi, polisi walimwona msaliti. Alijitoa Desemba 3, kabla kura hata moja haijapigwa. Machi mwaka uliofuata akamuunga mkono Biden, na Agosti akateuliwa mgombea mwenza.

Klobuchar, naye aliyekuwa mwendesha mashtaka, alibanwa hivyo hivyo. Kijana aliyefungwa maisha katika kesi iliyoendeshwa na ofisi yake kule Minneapolis alionekana, baada ya uchunguzi wa waandishi wa habari mwanzoni mwa 2020, kuwa huenda hakuhusika. Waandamanaji walipanda jukwaa lake Minnesota mpaka mkutano ukavunjwa. Kesho yake akajitoa.

Mameya weusi walimuunga mkono Bloomberg baada ya yote aliyowafanyia vijana wa New York. Walihongwa? — Msomaji, Temeke

Sina ushahidi wa hongo, na sitaandika neno hilo. Nitaeleza utaratibu, upime mwenyewe.

Chini ya Michael Bloomberg, bilionea aliyekuwa meya, polisi wa New York waliwasimamisha watu zaidi ya mara 685,000 katika mwaka mmoja tu, 2011, na mara nyingi wakawapekua. Wengi mno walikuwa weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, na wengi mno hawakukutwa na kosa lolote. Jaji wa shirikisho alisema mwaka 2013 kwamba jinsi ilivyofanywa ilivunja katiba. Bloomberg aliitetea kwa miaka. Akaja kuomba radhi Novemba 2019, katika kanisa la watu weusi Brooklyn, siku chache kabla ya kutangaza kugombea. Bahati iliyoje.

Sasa mameya. Taasisi zake za hisani zilikuwa zimefadhili miji kwa muda mrefu: miradi, mafunzo ya mameya, wataalamu wa kulipwa. Meya wa Washington, wa San Francisco, wa Stockton, wote wakamuunga mkono. Hakuna haja ya bahasha. Mtu aliyekusaidia kujenga jina lako akipiga simu, unapokea. Alitumia zaidi ya dola milioni 500 zake mwenyewe, na jimbo hakupata hata moja. Alishinda visiwani American Samoa pekee, ambako si jimbo.

Trump ndiye aliyesaini mageuzi ya magereza. Mbona hamumpi haki yake? — Msomaji, Muscat

Apewe. Desemba 2018 alisaini sheria iitwayo First Step Act, iliyopita Seneti kwa kura 87 dhidi ya 12. Iliwafungulia mlango waliohukumiwa kwa ule uwiano wa 100 kwa 1 kuomba vifungo vyao vipunguzwe. Hata chama kikubwa cha polisi, Fraternal Order of Police, kiliiunga mkono, kisha kikamuunga mkono yeye uchaguzini. Cory Booker, aliyekuwa mgombea wa Democratic, alikuwa miongoni mwa walioisukuma ndani ya Seneti. Kwa hiyo kwenye midahalo yao walikuwa na kazi ngumu: jambo jema, mpinzani kalisaini, na mmoja wao ana alama za vidole juu yake.

Ila usisahau kwamba inagusa magereza ya shirikisho tu. Ya majimbo, yenye wafungwa wengi mara kadhaa, haiyahusu. Rais yeyote yule, awe wa chama gani, hawezi kumsamehe aliyehukumiwa na mahakama ya jimbo. Huyo anasubiri jimbo lake, mara nyingi gavana.

Nimetoka Bukavu, naishi Texas na grini kadi. Kijana wangu ana kesi ya bangi. Naweza kupiga kura ya mchujo nimchague anayeahidi kulegeza? — Mama msomaji

Mama, hapana, tafadhali. Uchaguzi wa rais pamoja na mchujo wake ni wa raia peke yao. Ukipiga kura bila uraia unaweza kushtakiwa na kuondolewa nchini, hata kama karani wa kituo ndiye aliyekupa fomu kimakosa.

Na kuhusu kijana, usisubiri mgombea. Kama naye si raia, hatari iko kwenye sheria za uhamiaji zilizokazwa mwaka 1996: kukiri kosa la dawa za kulevya mbele ya hakimu, hata kwa adhabu ndogo ya nje, kunaweza kumfungulia kesi ya kufukuzwa. Tangu 2010 Mahakama ya Juu inamtaka wakili wa jinai amweleze mteja hatari hiyo kabla hajakiri. Kwa hiyo, kabla kijana hajakubali chochote na mwendesha mashtaka, mwambie amuulize wakili wake: hili litaigusaje kadi yangu? Kama wakili hajui uhamiaji, mwombe amtafute anayejua, hata kama itabidi kesi iahirishwe.